Mhariri, picha za wachezaji wetu zinapotea na majina yao

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza lakini hii nakuomba uiwache kama ilivo, mana nikisema nusu tu watu watadhani nazungumzia mchezo wa Wamarekani basi.

Mimi ni mkaazi wa hapa Unguja, nna familia yangu, na hobi yangu ni kukusanya kadi za zamani za besiboli. Najua wengi watauliza besiboli na Zanzibar wapi na wapi. Ni kweli mchezo wenyewe hapa hatuujui sana, wazee walioiwahi kriketi ya Mnazi Mmoja labda ndio wangeuelewa upesi, mana na huku kuna anaerusha mpira na kuna anaemngojea na gongo lake. Hobi hii nimeipata kwa mtoto wa ami yangu anaeishi Marekani, alikuja likizo na bahasha ya kadi za miaka ya 70 akanipa, nikazipenda, na tangu hapo kila anaekuja huniletea chache, mana kadi za wachezaji wa kawaida za miaka ile kule unazipata kwa dola moja au hata chini ya hapo. Hazina bei ya kutisha kama watu wanavodhani.

Hebu nieleze kadi moja tu ili msomaji aione. Ni ya kampuni ya Topps ya mwaka 1971, ukubwa wake sawasawa na karata moja ya kuchezea. Mbele kuna picha ya rangi ya mchezaji, amesimama na kofia yake, na saini yake imechapwa juu ya picha, na pembezoni kote kumezungushwa rangi nyeusi. Weusi huu ndio unaozipa sifa kadi za mwaka ule na ndio balaa lake, kwa sababu ukiigusa kona kidogo tu rangi inachubuka na weupe wa karatasi unatokeza, kwa hiyo kuipata ya 1971 yenye kona nzima ni kazi hasa. Ukiigeuza nyuma kuna picha nyengine ndogo isiyo na rangi, alafu urefu wake, uzito wake, mkono anaorushia, tarehe aliyozaliwa, mji anaokaa, mwaka alioanza kucheza kwa malipo, na jadweli ya hesabu zake za uwanjani. Na huyu mchezaji wangu, Mhariri, si nyota. Hakuna anaemtaja, ni mtu wa akiba tu kwenye timu. Lakini imepita zaidi ya miaka 50 na mimi nimekaa kibarazani kwangu Unguja najua kazaliwa lini, anakaa wapi na anarushia mkono gani.

Hilo ndilo linaloniuma nikifikiria wachezaji wetu, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza wasomaji wajue hizi kadi zimetoka wapi. Zilianza karne ya 19 kwenye paketi za sigara, kampuni zilikuwa zinatia kipande cha karatasi ngumu ili paketi isibonyee, wakaona bora wakichape picha ya mchezaji watu wavutike kununua. Baadae zikahamia kwenye jojo za watoto, na hapo ndipo walipoingia hao Topps, ambao ndio hao hao wa jojo za Bazooka, na seti yao ya mwaka 1952 ilikuwa na kadi 407. Watoto walikuwa wanakula jojo, kadi wanabadilishana, wengine wanazibana na vibanio kwenye spoku za baskeli ili gurudumu likizunguka zitoe mlio wa pikipiki. Na sisi hapa tulifanya vile vile kwa vipande vya boksi na chupa za plastiki! Wakikua wanaondoka nyumbani, mama anasafisha chumba, kadi zinatupwa. Na wakati wa Vita Vikuu vya Pili karatasi za kila aina zilikusanywa kule kwa ajili ya vita, kadi nyingi zikaenda humo. Ndio mana zilizobaki zikawa na thamani, zilitengenezwa za kutupwa na karibu zote zikatupwa kweli.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, mana nikimuonesha mtu kadi zangu suali la mwanzo huwa ni "hii inauzwa bei gani?" Kuna kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, ilitoka kwenye sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Yeye hakutaka itumike ikasitishwa, wengine wanasema hakupenda watoto wanunue sigara kwa ajili yake, wengine wanasema alitaka alipwe, na zinazojulikana leo hazifiki mia. Mwaka 2021 moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 6. Alafu mwezi wa Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa New York Yankees, ya Topps ya 1952 ikauzwa dola milioni 12.6. Ya Mantle ilitolewa mwishoni mwa msimu, watoto wameshahamia michezo mengine, maboksi yakabaki stoo miaka, na Sy Berger alieitengeneza seti ile alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 waliyapakia kwenye tishari wakaenda kuyamwaga baharini. Maboksi kwa maboksi yamo chini ya maji.

Lakini mtu asije akadhani kila kadi ya zamani ni dhahabu. Mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa miaka ya 90 Wamarekani wenyewe walisikia habari za bei hizo wakaanza kununua maboksi kwa maboksi wakayafungia ndani wakisubiri utajiri, kampuni nazo zikachapa bila ya kipimo, na leo kadi za miaka ile mtu anakupa bure na anakushukuru kwa kumpunguzia mzigo. Mtu anaekusanya kwa ajili ya pesa peke yake simshauri aanze. Anaekusanya kwa sababu anapenda kujua huyu nani, alichezea wapi, aliishia vipi, huyo atafaidi kila siku.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Kuna mchezaji mweusi anaitwa Josh Gibson. Alizaliwa 1911, akacheza kwenye ligi za watu weusi kwa sababu ligi kubwa ya Marekani iliwafungia mlango weusi, akachezea Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays, waliomuona wanasema hakukuwa na mpigaji kama yeye. Alifariki Januari 1947 na umri wake ni miaka 35 tu, na Aprili ya mwaka ule ule Jackie Robinson, mweusi mwenzake, akaingia Brooklyn Dodgers ya ligi kubwa na mlango ukafunguka. Basi katika miaka yote aliyocheza Gibson, kampuni kubwa za kadi hazikumtengenezea kadi. Mchezaji wa akiba wa kizungu anayo, yeye hana. Kadi yake inayotafutwa na kila mkusanyaji ilichapwa Puerto Rico kwenye seti ya Toleteros ya 1950-51, yeye ameshakufa.

Kilichomrudisha ni magazeti, Mhariri. Watafiti walikaa miaka na miaka wanapekua magazeti ya zamani, hasa ya jamii ya weusi, wakitafuta matokeo ya mechi moja moja, nani kapiga, nani kakosa, wakajumlisha. Mwezi wa Mei 2024 ligi kuu ya Marekani ikaziingiza hesabu za zile ligi za weusi kwenye rikodi rasmi, na Josh Gibson akawa ndie wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga, .372 (yaani kama mara 372 kwa kila mara elfu za kupiga), akampita Ty Cobb alieshika nafasi ile miaka chungu nzima. Miaka 77 tangu afe. Nilipoisoma habari ile wallahi nililia, na wala simjui mtu yule isipokuwa kwa karatasi.

Sasa niulize, sisi watafiti wetu wakija watapekua nini?

Zanzibar ilikuwa inacheza Kombe la Gossage enzi za ukoloni, ikikutana na Kenya, Uganda na Tanganyika. Haya, nani alidaka? Nani alifunga? Hebu simama pale Michenzani uwaulize vijana kumi wakutajie mchezaji mmoja tu wa timu ile. Tuache huko kuwa mbali, tuje 1995. Mwaka ule Zanzibar tulichukua Kombe la Chalenji la CECAFA huko Uganda, ndio kombe letu kubwa, watu wa umri wangu tunajua tulikuwa wapi siku ile. Lakini kijana wa skuli leo ukimwambia aitaje timu ile kuanzia golikipa mpaka winga hawezi, na si kosa lake kwa sababu hakuna mahali pa kuwaona. Hata vijana wa 2017, wale waliofika fainali Machakos wakatoka 2-2 na Kenya mpaka penalti, wachache wanajulikana kwa sababu wamekwenda klabu kubwa za Bara, lakini waliobaki huku wameanza kusahaulika na hata miaka 20 haijafika.

Picha zilikuwepo. Hili nataka lieleweke vizuri, kwamba si kweli kuwa zamani hatukuwa na picha. Mji huu una wapigapicha tangu zama na zama, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale barabara ya Kenyatta ilifunguliwa 1930, na timu zilikuwa na desturi ya kupiga picha ya pamoja, mstari wa mbele wamechutama, wa nyuma wamesimama, mpira umewekwa katikati. Karibu kila nyumba ya mtu aliewahi kuchezea Malindi, Kikwajuni, Miembeni, KMKM, Small Simba, au kule Pemba timu kama Jamhuri na Shengeni, kulikuwa na picha kama hii ukutani. Zimekwenda wapi?

Nitakwambieni nilichokiona mwenyewe. Nilikwenda kununua karanga, muuzaji akanikunjia kwenye karatasi nene kidogo, nikaifungua kumbe ni ukurasa umechanwa kwenye albamu, gundi ya picha bado imo kwenye kona nne lakini picha hakuna, na chini yake pameandikwa kwa kalamu ya wino kwa hati nzuri ya kizamani, "Timu yetu baada ya mechi, Gombani". Nikamuuliza yule muuzaji, hii umeipata wapi, akaniambia kuna nyumba wamefiwa na mzee wao, wajukuu wamesafisha vyumba, wakatoa magunia mawili ya makaratasi. Nikamfuata mpaka alipoyanunua. Nilikuta madaftari ya skuli, risiti, magazeti yaliyoliwa na mchwa, na picha moja tu ya mpira. Zilizobaki zimeshauzwa au zimeshachomwa, hakuna aliekuwa na hakika. Wale wajukuu si watu wabaya, wamenikaribisha vizuri na chai nimekunywa, isipokuwa hakuna mtu aliewahi kuwaambia kwamba makaratasi ya babu yao ni mali.

Na maadui wengine tunao humu humu ndani. Hii hewa yetu ya bahari ina unyevu, picha ikiwekwa kwenye fremu ikabandikwa na kioo inaganda na kioo chenyewe, ukija kuitoa inabanduka na sura za watu. Kuna wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi, kuna mchwa, kuna mende. Mimi kadi zangu kila moja naitia kwenye mfuko wake laini alafu kwenye plastiki ngumu, nazisimamisha ndani ya boksi lenye kifuniko, na humo naweka vile vipakti vidogo vinavokuja na viatu vipya vya kuvuta unyevu, nikiona vimechoka nabadilisha. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ndogo sana. Sizifungi na raba bendi mana raba bendi inakata pembe na ikizeeka inaganda. Na kwa jina la Mungu nawaomba watu waache tabia ya kulamineti! Kila kitu sisi tunakimbilia kulamineti, cheti, picha ya ndoa, picha ya marehemu, tunadhani tunakihifadhi. Ule moto wa mashine unaichoma picha ya zamani na gundi yake haitoki tena maisha. Kwa wakusanyaji wa kadi kitu kilicholaminetiwa kimekwisha, hakina bei tena. Na selotepu nayo ni hivo hivo, inageuka manjano na inakula karatasi.

Wapo watakaosema haya mambo ni ya wenye pesa zao na muda wao. Nawajibu kwa mtu mmoja, Jefferson Burdick. Hakuwa tajiri. Alikuwa anafanya kazi kiwandani kule Syracuse, jimbo la New York, anaunganisha vifaa vya umeme, na mwili wake umeliwa na ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda. Mtu huyu alikusanya kadi za kila aina mpaka zikazidi laki 3, za besiboli peke yake zaidi ya elfu 30, akaandika na kitabu cha kuzipanga, na lile jina la T206 ambalo kadi ya Wagner inaitwa mpaka leo dunia nzima linatokana na mpango wake. Alafu akazitoa zote bure kwa makumbusho ya Metropolitan ya New York, na akawa anakwenda mwenyewe kuzibandika kwenye maalbamu moja moja kwa vidole vile vile. Kazi ile aliimaliza Januari 1963, Machi akafariki. Mtu wa kiwandani! Leo anaetaka kujua Mmarekani wa kawaida alikuwa anaonaje dunia miaka ya 1900 anakwenda kwenye maalbamu yake.

Sisi hatuhitaji laki 3. Tunahitaji kila mwenye picha ya timu aitoe kabatini leo, ageuze nyuma, na aandike kwa penseli (si bolpeni, bolpeni inatokeza mbele) majina ya waliomo kuanzia kushoto, mwaka, kiwanja, na timu waliyocheza nayo. Kama mzee mwenyewe yuhai ndio akae nae amtajie, na amtajie na majina ya utani mana wachezaji wetu wengi walijulikana kwa hayo na majina yao ya skuli hakuna aliyeyajua. Alafu aipige kwa simu, awatumie watoto na jamaa walioko nje, ili hata ikiliwa na mchwa iwepo nyengine. Asietaka kukaa nayo kuna Nyaraka pale Kilimani, kazi yao ni kutunza karatasi.

Na kwako wewe Mhariri nna ombi hasa. Gazeti lenu lina ukurasa wa michezo, na sehemu kubwa siku hizi ni habari za ligi za Uingereza na Hispania ambazo msomaji ameshaziona kwenye simu tangu jana usiku. Naomba kila wiki mtoe picha moja ya zamani ya timu ya Unguja au Pemba, ndogo tu, ukubwa wa kadi ikitosha, na chini yake muandike majina yanayojulikana na muweke alama kwa wasiojulikana, wasomaji walete. Naamini barua zitakuja. Mzee wa Wete atamtambua mwenzake, mjane wa Kikwajuni atamuona mumewe, mtu wa Makunduchi atasema huyu wa pili ni mjomba wangu na hakuwa winga alikuwa beki. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na rikodi ambayo hakuna chama cha mpira wala wizara inayo, na siku akitokea mtoto wetu anaetaka kuandika historia ya mpira wa visiwa hivi ataanzia kwenu, kama wale walioanzia kwenye magazeti wakampata Josh Gibson.

Klabu nazo zinaweza kufanya jambo. Vijana wanaouza jezi pale nje ya Amaan siku za mechi wanaweza kuuza na kadi za wachezaji wa Zanzibar, mbele picha, nyuma jina, kijiji alichotoka, timu alizopitia, mabao yake. Kuchapa kadi siku hizi hakuna gharama ya kutisha, maduka ya stesheneri yanachapa kadi za harusi za rangi kila wiki. Watoto wetu wanawajua wachezaji wa London kwa idadi ya mabao na bei walizonunuliwa, wakipewa kadi ya beki wa Mlandege au wa timu ya Chake watamjua na yeye, nna yakini na hilo mana nimeona watoto wangu walivowajua wachezaji wa Marekani waliokufa kwa kuchezea kadi zangu tu.

Picha niliyoitoa kwenye lile gunia nimeiambatanisha na barua hii, nimeomba ruhusa kwa wenyewe na wameridhia ichapwe. Wamo kumi na moja, na mmoja aliesimama pembeni na kanzu ambae nadhani ni kiongozi wa timu. Nyuma yake kuna majina manne tu yanayosomeka, mengine yamefutwa na maji. Kiwanja nakitambua, ni Gombani, lakini mwaka sijaupata na mpinzani sijampata. Golikipa ana kitambaa cheupe amejifunga goti la kushoto, labda hicho kitamsaidia mtu kumkumbuka. Mkiichapa naomba iwe kubwa kiasi sura zionekane, na mwenye kumjua hata mmoja kati yao aandike jina kwenu gazetini, nitalichukua huko.

Wako,
Mkusanyaji kadi,
Unguja